Siku Yangu na Viazi vya Msibani

Saa 10:30 alfajiri. Niliamka mapema kuliko kawaida, kwa kuwa jirani yetu mzee alikuwa anazikwa siku hiyo, na akina mama wa Relief Society, chama cha wanawake wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, walikuwa wamenikabidhi trei mbili za viazi vya jibini kwa chakula cha wafiwa. Hapa Salt Lake City watu huviita viazi vya msibani, na vinahesabiwa kuwa alama ya jimbo letu la Utah kiasi kwamba wakati wa Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 2002 iliyofanyika hapa vilichorwa kwenye beji za ukumbusho.

Viazi vyenyewe, gramu 850 kwa kila trei, hununuliwa vikiwa vimekwanguliwa na kugandishwa, nami nilikuwa nimevitoa kwenye friza tangu usiku. Nilivifunga katika kitambaa safi nikavikamua kwa mikono miwili, kama tunavyokamua tui la nazi nyumbani, mpaka maji yenye wanga yakaacha kudondoka. Hatua hii wengi huiruka, kisha wanashangaa trei yao inapoogelea maji. Kwa kila trei nilitia kopo moja la supu nzito ya kuku yenye krimu, gramu 450 za krimu chachu, ambayo ni nzito kuliko mtindi, kitunguu kilichokatwakatwa, siagi iliyoyeyushwa, na gramu 225 za jibini ya cheddar. Jibini niliikwangua mwenyewe, kwa sababu ile inayouzwa ikiwa tayari imekwanguliwa hunyunyiziwa wanga ili isishikane, na wanga huo huizuia kuyeyuka vizuri. Chumvi sikuongeza hata punje, kwani supu ya kopo na jibini zinatosha. Nilifunika trei, nikaziweka kwenye jokofu.

Saa 12:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana nilikuwa kazini, katika jiko la shule ya msingi, ambako siku ilikwenda kama siku nyingine zote. Ninachokipenda katika chakula hiki ni kwamba kinamsubiri mpishi. Mtu mwenye ajira anaweza kukiandaa alfajiri na bado akatimiza ahadi yake kwa wafiwa.

Saa 8:45 mchana. Nilitoa trei kwenye jokofu na kuwasha oveni kwenye nyuzi 350 za Fahrenheit, yaani karibu 177 za Selsiasi. Trei zangu ni za kioo, na kioo cha baridi kikiingizwa ghafla kwenye joto kali kinaweza kupasuka, kwa hiyo niliziacha mezani wakati oveni ikipata moto. Ndipo nikaponda konfleksi, zile chembe kavu za mahindi zinazoliwa na maziwa asubuhi, nikazichanganya na siagi na kuzitandaza juu. Laiti ningezitia alfajiri, zingenyonya unyevu na kuwa uji.

Saa 9:10 alasiri trei ziliingia. Baada ya saa nzima kingo zilikuwa zikitokota, katikati kukiwa moto kabisa, na konfleksi zimepata rangi ya asali. Nilizifungia taulo nene, nikaendesha gari polepole.

Saa 11:00 jioni, ukumbi wa kanisa. Kwetu Njombe wanawake hukusanyika uani kwa wafiwa, wakapika kwenye masufuria makubwa. Hapa kila mmoja hufika na chombo chake kilichofunikwa, na meza ikajaa paja la nguruwe lililookwa, saladi, na jeli ya kijani. Mjane alikuwa hajagusa chakula tangu asubuhi. Nilimchotea kipande cha pembeni, pale jibini inapokauka na kuwa ngumu kidogo, nikamwambia, “Bibi, kula taratibu.” Alikimaliza, akaniomba kingine.

Saa 2:00 usiku. Trei zote mbili zimerudi tupu. Nimeziloweka kwenye maji ya moto, kwa maana jibini iliyoshika kwenye kona haitoki kwa kusuguliwa ikiwa kavu.