Siku moja maishani mwangu: kulea nyigu wa muhuti

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshaamka, kwa sababu nikichelewa kutoka Githurai, msongamano wa Barabara ya Thika huniibia saa nzima. Leo nilifika kazini saa moja kasorobo huku manyunyu yakiendelea, na mzee wa langoni akaniuliza swali lake la kila siku: "Mwalimu, bado unalea nyigu?" Nilimjibu kwamba bado, na kwamba hawa wangu hawaumi mtu. Mimi ni fundi wa maabara ya wadudu, na nyigu ninaowashughulikia hawafiki hata milimita mbili kwa urefu.

Saa moja na nusu nilichukua mkasi na mifuko ya karatasi, nikaenda na mwanafunzi wa mafunzo ya kazini hadi kwenye miti ya muhuti iliyo nyuma ya jengo, ule mti wa miiba na maua mekundu ambao Waswahili huuita mbamba ngoma. Tulikata majani machanga yaliyojikunja na vikonyo vilivyovimba kama vidole vyenye jipu. Nilimsisitizia asiyafungie kwenye kopo, kwani wiki iliyopita nilifanya hivyo mimi mwenyewe, majani yakatokwa jasho, yakaota ukungu, na kazi ya siku nne ikaishia jalalani.

Kufikia saa tatu tulikuwa tumeyapanga ndani ya masanduku ya kadibodi. Sanduku hufunikwa lisipenye mwanga, kisha hutobolewa tundu moja na kuchomekwa kichupa cha kioo. Nyigu anapotoboa nundu, yaani ule uvimbe wa jani au kikonyo aliokulia ndani yake, na kutoka, hufuata mwanga, na safari yake huishia kichupani. Hakuna mtego rahisi zaidi ya huu, na sijaona sababu ya kununua wa bei ghali.

Mwanafunzi aliuliza kwa nini tunajisumbua na mdudu ambaye hakuna mkulima hapa Nairobi anayemlalamikia. Swali hilo ndilo lililotumalizia asubuhi yote. Nilimweleza habari za Quadrastichus erythrinae, nyigu aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2004 kutokana na vielelezo vya Singapore, Mauritius na Réunion, vyote visiwa. Mwaka 2005 alionekana Oahu, katika visiwa vya Hawaii, na muda si mrefu akawa ameenea katika visiwa vikuu vyote. Huko kuna ndugu wa muhuti aitwaye wiliwili, ambao mbao zake ni nyepesi kiasi kwamba wenyeji walizitumia kwa vielea vya ngalawa na mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Jike hudunga mayai ndani ya jani changa, jani hujaa nundu, na kwa kuwa kizazi kizima hukamilika kwa takribani majuma matatu, mti haupati nafasi ya kupumua. Miti mingi ilipukutika majani, mingine ikafa, na watu wakaanza kukusanya mbegu za kuhifadhi.

Saa sita na nusu tulikula githeri. Stima zilipotea, zikarudi.

Saa nane ndiyo saa ninayoipenda. Niliweka nundu moja chini ya hadubini na kuipasua kwa wembe. Ndani mlikuwa na vyumba vidogo, kila kimoja na buu wake mweupe aliyejikunja, isipokuwa viwili ambavyo ukuta wa katikati ulikuwa umetafunwa. Ndani yake alikuwamo buu mwingine, mnene zaidi, na pembeni ngozi kavu za waliokuwa wenyeji. "Huyu ameingia nyumba ya jirani!" mwanafunzi akasema, na hakukosea. Buu wa aina hii humla mwenye chumba, kisha hutoboa kwenda cha pili.

Jamaa wa mlaji huyo, Eurytoma erythrinae, alitolewa Tanzania, akapimwa Hawaii akiwa karantini ili kuhakikisha hatadhuru wadudu wengine, kisha akaachiliwa mnamo Novemba 2008. Wiliwili nyingi zilichipua tena, ingawa maua na mbegu bado hushambuliwa. Kwa maoni yangu, kisiwani nyigu wa nundu alifika bila watesi wake, na hilo ndilo lililompa nguvu. Hapa kwetu Afrika ana majirani wanaomla usiku na mchana, ndiyo maana mkulima hajui hata jina lake.

Hata hivyo, sikumruhusu mwanafunzi aandike jina lolote kwenye lebo. Nundu za muhuti hukaliwa na nyigu wengi wanaofanana, na mtu akitaja jina kwa kutazama uvimbe tu, anabahatisha.

Saa kumi tulihesabu vichupa vya masanduku ya zamani kwa brashi ya nywele chache iliyoloweshwa spiriti: wadogo wa kahawia wenye madoa ya manjano kumi na saba, weusi wenye mgongo uliotobokatoboka watano. Niliandika tarehe, mti na idadi kwa penseli, kwani wino huyeyuka katika spiriti.

Nilipotoka langoni saa kumi na moja na nusu, mzee aliuliza wangapi wamezaliwa leo. Nilimwambia ishirini na wawili, akacheka, akanifungulia.