Kete 64 baada ya kazi

Ukiwa mhasibu hapa Dar, mwezi wako una tarehe mbili tu: tarehe 7 kodi ya mishahara, tarehe 20 VAT. Zilizobaki ni za kuzisubiri hizo. Zamani nilikuwa nikitoka ofisini napambana na foleni ya Barabara ya Kilwa, nafika Temeke, najitupa kitandani na simu. Vichekesho mpaka usiku wa manane. Mwili umelala chali, akili bado inasaka invoisi iliyopotea.

Siku hizi napita kijiweni kwanza, chini ya mkungu, karibu na muuza kahawa. Nacheza bao.

Kwa asiyelijua, bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Mnaanza kwa kunamua, yaani kuingiza ubaoni kete za mkononi moja moja, kila mmoja akiwa na kete 22 mkononi. Ukila kete za mwenzako hazitoki mchezoni: unazisambaza upande wako kuanzia kichwani, shimo la pembeni kabisa la safu ya mbele, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaendelea, mpaka ulale kwenye shimo tupu. Hilo ndilo lililoniteka. Mchezo ukiisha, kete ni zilezile 64. Hakuna salio la kutafuta.

Sasa jaribu kukadiria utalala wapi huku unawaza VAT. Haiwezekani. Mzee ninayecheza naye, mstaafu wa reli, hunigundua mapema sana. "Mwanangu, hujafika bado," ananiambia, na vidole vyake vinadondosha kete, tik, tik, tik, wala haangalii ubao.

Mwaka 2007 watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walichapisha kipimo cha namna watu wanavyojirudishia nguvu baada ya kazi. Wanataja mambo manne: akili kuachana na kazi, mwili na akili kutulia, kujifunza kitu kigumu mpaka ukiweze, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako. Nikiipima simu yangu kwa hayo manne, inaambulia la pili, tena kwa taabu. Kabla yao, mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliwahoji wacheza chesi, wapanda miamba na wengineo, akaona kwamba mtu huzama kabisa pale ugumu unapolingana na uwezo wake. Kijiweni hilo wanalijua bila kusoma: mgeni hawampangi na fundi siku ya kwanza, maana atakimbia, na fundi atasinzia.

Hatua chache kutoka hapo kuna vijana wa mikeka ya mpira, wale wanaobeti matokeo ya mechi. Nao wanasema wanapumzika. Nimeziangalia nyuso zao dakika ya 88. Hapana.

Wala sisemi bao linatibu sonona. Sonona huondoa hata hamu ya kucheza, na aliyefika huko anahitaji daktari, si kete. Nazungumzia uchovu wetu huu wa kawaida, ule wa kurudi nyumbani umenuna bila kugombana na mtu.

Mke wangu mwanzoni hakulitaka kabisa. Kijiwe kwake ni uvivu uliovaa kandambili. Nikamwambia hata Mwalimu Nyerere alipenda bao. Hoja haikufua dafu. Kilichomlainisha ni kwamba nikiingia ndani saa mbili na nusu naongea, nauliza habari za watoto, nakula bila kushika simu. Lakini naye akadai haki yake, na alikuwa sahihi: saa zangu za bao kuna mtu alikuwa anazilipia jikoni. Basi Jumamosi mchana mimi nabaki na watoto, yeye anakwenda mazoezi ya kwaya. Anarudi koo limekauka, amechangamka, anaimba sauti ya kwanza huku anavua viatu. Bao hataki hata kufundishwa. Anasema mahesabu ya nyumba hii yanamtosha.