Siku moja maishani mwangu: zamu kwenye mtambo wa biogesi ya taka

Saa 11 alfajiri. Kabla hata ya chai napita kwenye tangi ambamo taka huozeshwa kutoa gesi. Nyuzijoto 37, sawa. Ila presha ya gesi imeshuka tangu jana, na hilo silipendi. Vijidudu vinavyotengeneza methani, gesi yenyewe inayowaka, vina deko: vibadilishie chakula ghafla, vinasusa.

Saa 1 asubuhi. Malori yako foleni kwenye mizani. Wageni hudhani tunaishi kwa gesi, kumbe pesa ya kwanza huingia hapa: tunalipwa kwa kila tani tunayopokea. Penye dampo la bure, mtambo kama huu hauna maisha marefu.

Saa 2. Kuchambua. Lori la sokoni ni maganda na mboga zilizooza, safi kabisa. Linalofuata ni vurugu. Napasua mfuko mmoja: ubwabwa wa jana, nepi, betri mbili, vijiko vya plastiki. Hapo ndipo faida yetu inapoyeyukia. Kopo la alumini likijitokeza, roho inatulia. Kuliyeyusha upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya, kwa hiyo wanunuzi hawakosekani. Chupa za plastiki hutegemea bei ya mafuta ghafi. Mafuta yakishuka, plastiki mpya huwa rahisi na marobota yetu yanalala ghalani. Vioo? Vizito, bei ndogo, nauli inameza kila kitu.

Saa 6 mchana. Kipimo kimetoka: pH 6.5, tindikali imezidi. Kumbe zamu ya usiku walimwaga matunda kupita kiasi. Nakata mlo nusu, naongeza chokaa. Siku kadhaa za gesi haba hizo.

Saa 9. Jenereta inanguruma. Mita moja ya ujazo ya biogesi hutupa kama uniti 2 za umeme, lakini lazima kwanza ipite kwenye vumbi la chuma lenye kutu linalonasa ile gesi ya harufu ya yai viza. Bila hivyo injini inalika, na hiyo ndiyo bili inayonikosesha usingizi. Joto la injini tunalirudisha kwenye tangi.

Saa 11 jioni. Mkulima mmoja, mzee, amekuja na mapipa kuchukua tope la mbolea linalotoka tangini. Anatumbukiza mkono, anatoa ukanda wa plastiki, ananionyesha bila kusema neno.

"Shikamoo mzee. Tutachuja tena."

"Marahaba. Mwanangu, shamba langu si jalala."

Anaondoka na mapipa matupu. Tope hilo liliingia tangini likiwa taka karibu mwezi mzima uliopita. Lori lililolileta nani atalikumbuka?