Kumbukumbu ya Mradi Wangu: Vichwa vya Risasi Vilivyopakwa Rangi kwa Bastola ya Milimita 9

Jumamosi, 8 Machi 2025

Kabla ya kueleza kazi yenyewe, inanibidi nikubaliane na msomaji kuhusu maneno, kwa sababu Kiswahili kimeyapa madini ya risasi na kitu kinachofyatuliwa kutoka kwenye bunduki jina moja, na katika mradi huu vyote viwili vimo mezani kwangu kwa wakati mmoja. Humu nitasema "kichwa" kwa kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha, "ganda" kwa kikombe cha shaba nyeupe kinachobaki nyuma, "fataki" kwa kile kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, na "risasi kamili" kwa vyote hivyo vikiwa vimeunganishwa pamoja na baruti yake. Neno "risasi" likiwa peke yake litakuwa madini.

Naishi Ohio, na sheria ya Marekani inamruhusu mtu kujaza upya maganda kwa matumizi yake mwenyewe, mradi asiuze. Msomaji aliye Tanzania au Kenya aichukue kumbukumbu hii kama habari tu, kwani huko kuunda risasi kamili bila kibali ni kosa la jinai.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikitumia vichwa vilivyovikwa shaba. Leo nimepokea vichwa 500 vya risasi ya kusubu, vyenye uzito wa gramu 8.1 kila kimoja, vilivyopakwa rangi nyekundu. Zamani vichwa vya namna hii vilipakwa mafuta mazito ya nta, ambayo yalijaza moshi kwenye kibanda cha kufyatulia na kunata kwenye kila chombo. Siku hizi wengi hutumia rangi ya unga, ile ile ya jamii ya poliesta inayopakwa kwenye viti vya chuma, ambayo huokwa kwenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi kwa takribani dakika 20 hadi ikawa ngozi ngumu.

Nimepima vichwa kumi kwa mikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, na vyote vina kipenyo cha milimita 9.04, ilhali vile vya shaba nilivyozoea vina 9.02. Tofauti hiyo ya sehemu mbili za mia ya milimita imewekwa kwa makusudi, na ndiyo itakayonisumbua baadaye, ingawa leo niliiandika daftarini bila kuifikiria.

Jumamosi, 22 Machi

Nilijaza risasi kamili 100 na kufyatua 62. Matokeo yalikuwa ya kuaibisha. Kwenye umbali wa mita 15 matundu yalitapakaa karatasi nzima, na manne kati yake hayakuwa ya mviringo bali marefu kama tundu la kitufe, maana yake kichwa kilipita kwenye karatasi kikiwa ubavu. Kichwa kinachopinduka angani ni kile ambacho mifuo, yaani mifereji ya ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa, haikukishika vizuri. Nilipochungulia ndani ya mtutu niliona michirizi ya kijivu iliyogandamana kwenye mifuo, na ilinichukua karibu saa nzima kuikwangua kwa brashi na nyuzi za shaba.

Mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu ambaye huwa kwenye kibanda cha jirani, aliitazama michirizi ile akaniambia kwamba rangi haikuiva. Niliamini papo hapo, labda kwa sababu lawama hiyo ilimwendea aliyeniuzia na si mimi.

Jumamosi, 5 Aprili

Rangi haina kosa. Nilifunga kichwa kwenye kitambaa kilicholowa asetoni na kukisugua kwa dakika moja, na kitambaa hakikutoka na wekundu wowote. Kisha niliweka kichwa kingine juu ya chuma na kukipiga nyundo mpaka kikawa bapa kama chapati, lakini rangi ilinyumbuka pamoja na risasi bila kubanduka. Rangi isiyoiva ingebanduka vipande vipande kama ganda la yai.

Ndipo nikazigeukia risasi kamili 38 zilizobaki. Nilichomoa vichwa vyake kimoja kimoja kwa nyundo ile ya plastiki inayobeba risasi kamili ndani yake, nikavipima tena. Vilivyoingia kwenye maganda vikiwa na milimita 9.04 vilitoka vikiwa na 8.98, na vingine 8.97. Nilirudia kupima mara tatu, nikidhani mikromita imechafuka.

Kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye niliyevikondesha. Risasi ni madini laini, na kichwa chake lazima kiujaze mtutu sawasawa ili gesi moto ya baruti isipate upenyo pembeni. Ikipata upenyo, huunguza rangi, huyeyusha ubavu wa kichwa na kuuacha umegandamana kwenye mifuo. Ganda la milimita 9, ambalo Georg Luger alilianzisha mwaka 1902, si mrija ulionyooka: kwa nje lina kipenyo cha milimita 9.93 karibu na kitako na 9.65 mdomoni, na kwa ndani kuta zake huzidi kuwa nene kadiri unavyoshuka. Kile kijiti cha chuma chenye umbo la mchi kinachotanua mdomo wa ganda kwenye mashine yangu kilitengenezwa kwa ajili ya vichwa vya shaba, ambavyo ni vyembamba na vigumu. Ganda lililotanuliwa kwa mchi huo lilikiminya kichwa laini mara tu kilipozamishwa. Na kana kwamba hilo halikutosha, kalibu yangu ya mwisho, yaani kifaa cha mashine kinacholipa ganda umbo lake, ina pete ngumu inayolipitia ganda lote kwa nje ili kulinyoosha, nayo ilikiminya kichwa mara ya pili kikiwa ndani.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimenunua mchi mnene zaidi, unaoteremka ndani zaidi ya ganda, na kuiondoa ile kalibu yenye pete. Mdomo sasa nautanua zaidi kidogo kuliko zamani, kiasi cha kichwa kukaa juu yake bila kushikiliwa, kwa sababu ukingo mkali wa ganda ukikwaruza rangi wakati wa kuzamisha, gesi itaanzia hapo hapo. Mwishoni nabana mdomo kiasi tu cha kuurudisha ulivyokuwa. Nilichomoa vichwa vitano kwa majaribio na vyote vilipima 9.04.

Urefu nao ulihitaji kurekebishwa. Kichwa hiki kina bega pana kuliko cha shaba, nalo liligusa mwanzo wa mifuo. Nautoa mtutu kwenye bastola, nadondosha risasi kamili ndani yake, na inatakiwa iingie kwa mlio mkavu, izunguke kwa kidole, kisha ianguke yenyewe nikiupindua mtutu. Ilinibidi nizamishe kichwa zaidi. Kukizamisha hupunguza nafasi ya baruti na kupandisha shinikizo, hivyo nilirudi kwenye kipimo cha chini kabisa cha kitabu cha kiwanda cha baruti na kuanza upya. Vipimo vyangu sitaviandika, kwa kuwa kila baruti ina chake na kunakili cha mtu mwingine ni njia ya haraka ya kupasua bastola. Nitasema tu kwamba namulika kila ganda kwa taa kabla ya kuweka kichwa, maana baruti ya bastola ni kidogo kiasi kwamba mtu anaweza kuijaza mara mbili bila kumwagika.

Jumamosi, 17 Mei

Risasi kamili 50 kwenye mita 15. Matundu yote ni ya mviringo, na kumi bora yalienea kwenye duara la sentimita 7. Mtutu ulitoka na masizi tu, ambayo kitambaa kimoja kiliyafuta. Moshi upo, lakini ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa vichwa vya nta vya jirani.

Mke wangu alikwishatoa masharti yake tangu mwanzo: hakuna kazi hii karibu na jiko, maganda yaliyotumika yasafishwe kwa maji na si kwa vumbi la mashine ya kuzungusha, mikono ioshwe kabla ya kushika mlango. Ana haki. Rangi hupunguza mguso wa risasi mikononi, lakini mabaki ya fataki nayo yana risasi, na hayo hayajapakwa chochote.

Vile vichwa 38 vilivyokonda nimeviweka kwenye chupa ya kioo juu ya mashine. Yule mzee ameomba kimoja akakipime nyumbani kwake, kwani bado anadai rangi haikuiva.