Kabari mbili

Tableti haikuwa yangu. Niliiazima kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, hapo kwetu Kadutu, mjini Bukavu, kwa sharti moja: "Yaya, usinimalizie chaji." Asubuhi yake nilitakiwa kuonyesha kazi yangu ya mwisho wa masomo, juu ya magome ya kenkina, mti wa kwinini unaolimwa kwenye vilima vyetu vya Kivu tangu enzi za Wabelgiji.

Kwinini ina kaboni 20, hidrojeni 24, nitrojeni 2 na oksijeni 2. Kuihesabu ni rahisi, kuichora ni balaa. Upande mmoja kuna pete mbili bapa zilizoshikana, upande wa pili pete zimefumana kama kikapu, na kati yake kaboni iliyobeba OH, yaani oksijeni na hidrojeni. Kwa penseli, kikapu changu kilikuwa kinatoka kama kiatu kilichokanyagwa. Kwenye tableti, ndani ya programu ya kuchorea molekuli, nikigusa tu, pete hiyo, pembe zote sawa. Kaboni hushika vifungo vinne tu na atomu nyingine; nikiipa cha tano inageuka nyekundu papo hapo. Nilijiona bingwa.

Sasa kuna kabari. Ile nyeusi inayopanuka humwambia msomaji kwamba kifungo kinamjia usoni. Ile ya vistari vilivyokatika, kwamba kinarudi nyuma ya karatasi. Katika programu ile, ukigusa kabari mara ya pili inageuka. Kioo kilikuwa na ufa, na vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya sambaza, vile visamaki vya ziwani. Kabari mbili ziligeuka, kwenye kaboni ya 8 na ya 9. Hakuna kilichowaka nyekundu. Nikachapisha nakala tano.

Mwalimu wangu aliinua miwani. "Mwanangu, umetafiti dawa ya malaria au ya moyo?"

Sikuelewa. Akaweka kidole juu ya OH. Nilikuwa nimechora kwinidini: atomu zilezile, idadi ileile, ila zimegeukia kwingine mahali pawili, nayo ni dawa ya mapigo ya moyo yaliyovurugika. Ndiyo maana programu ilinyamaza. Ile nayo ni molekuli halali kabisa.

Nikajitetea kwa chupa yangu iliyokuwa dirishani, kwinini ndani ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ikitoa buluu yake juani. (Buluu ile naipenda mpaka leo.)

"Kwinidini nayo inang'aa hivyohivyo," akasema. "Fungua jedwali lako la vipimo."

Nikafungua. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimeandika kwamba sampuli inazungusha mwanga kwenda kushoto. Kwinidini huuzungusha kulia.

Nilikaa kwenye ngazi na kalamu ya wino mweusi, nikarekebisha nakala zote tano. Nilipoitwa ndani, wino ulikuwa haujakauka. Kila aliyefunua ukurasa ule alitoka na doa kwenye kidole gumba.