Mguu wa nyuma ndio unaozaa hatua: ninavyomfundisha mwenye kiharusi kutembea upya

Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi huja na lalamiko lile lile: "Mguu haunyanyuki." Mgonjwa naye huinamisha kichwa na kuukazania ule mguu uliopooza uje mbele. Katika kazi yangu ya fiziotherapia, mimi naanzia nyuma. Nauangalia mguu huo mwili unapoupita, kwa sababu huko ndiko hatua inakoandaliwa.

Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde. Tangu kisigino kiguse chini hadi kiguse tena, mguu hukaa chini kwa takribani asilimia 60 ya muda na hewani asilimia 40. Kisigino kikitua, misuli ya mbele ya ugoko huushusha wayo taratibu. Ikiwa dhaifu, wayo hupiga sakafu kwa kishindo. Mwili ukiendelea, ugoko huinamia mbele na nyonga hunyooka mpaka paja linabaki nyuma kama digrii 10. Hapo misuli ya shavu la mguu inasukuma, na huo ndio msukumo mkubwa kuliko wote katika hatua. Goti hulegea, likajikunja mpaka karibu digrii 60, na mguu ukaja mbele kama bembea iliyoachiwa, kwa juhudi ndogo sana ya misuli. Vidole hupita juu ya sakafu kwa sentimita moja au mbili tu, kwa hiyo goti likipungukiwa kidogo, vidole vinaburuza.

Uti wa mgongo una mitandao ya neva inayoweza kutoa mdundo wa kukunja na kunyoosha miguu bila kusubiri amri ya ubongo kwa kila hatua. Mtafiti Thomas Graham Brown alilionyesha hilo kwa paka mwaka 1911. Mitandao hiyo hutegemea sana habari mbili kutoka mguuni: je, nyonga imenyooka, na je, uzito umeshahama? Shina la ubongo huwasha mwendo, serebelamu (ubongo mdogo wa kisogoni) hurekebisha muda na ulinganifu, na gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huingia zaidi pale unaporuka mtaro au kupanda ngazi. Kiharusi huharibu njia zinazoshuka kutoka juu. Mitandao ya chini ipo, na kazi yangu ni kuipelekea habari inazozingoja.

Kwanza napima. Mgonjwa analala chali ukingoni mwa kitanda, anakumbatia goti la mguu mzima (usiopooza) kifuani, mguu uliopooza unaning'inia. Paja lisiposhuka kufikia usawa wa kitanda, misuli ya mbele ya nyonga imefupika, mara nyingi kwa kushinda kitini. Halafu, goti likiwa limenyooka, nasukuma wayo kuelekea ugoko. Nataka angalau digrii 10 kupita pembe mraba. Zisipopatikana, ugoko hauwezi kuinama mbele, na goti litarudi nyuma kila anapokanyaga. Sehemu iliyofupika nainyoosha kabla ya zoezi lolote.

Kisha anasimama kando ya meza, mguu mzima mbele, uliopooza nyuma kwa urefu wa wayo mmoja. Nakaa upande uliopooza, mkono mmoja kwenye tako, mwingine juu kidogo ya goti. "Baba, usiunyanyue. Uache nyuma, sogeza kiuno mbele." Kisigino kibaki chini mpaka kisiweze tena. Kinapoanza kupanda, nalisikia goti likilegea mkononi mwangu, na hapo tu ndipo namruhusu aulete mguu. Mara 10, anapumzika, anarudia. Zoezi la pili ni la kupiga hatua kwa mguu mzima, mbele na nyuma, ili uliopooza ulazimike kubeba. Kiuno kikidondoka upande mzima, misuli ya pembeni ya nyonga ndiyo dhaifu, nami nafupisha hatua.

Mambo ya nje huharibu kazi hii upesi. Fimbo hushikwa kwa mkono mzima, na kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukining'inia na viatu vikiwa miguuni. Ikiwa fupi, mgonjwa anainama, na nyonga haitanyooka kamwe. Ndugu wanaomvuta kwa mikono kutoka mbele wanaleta hasara hiyo hiyo, kwa hiyo nawaambia, "Dada, simama pembeni yake, usimvute." Kandambili nazikataa kabisa, kwa sababu vidole hujikunja kuzishika. Wayo ukizidi kudondoka natumia splinti ya plastiki, yaani kifaa cha kushikilia kifundo na wayo, lakini inayoruhusu ugoko kuinama. Splinti ngumu huinua vidole huku ikimnyima mgonjwa ule mwinamo wa mbele ninaoutafuta.

Maendeleo nayapima kwa saa. Naweka alama za mita 14 kwenye korido na kuhesabu muda wa mita 10 za katikati, mbili za mwanzo na mbili za mwisho zikiachwa. Sekunde 25 ni mita 0.4 kwa sekunde. Anayekwenda chini ya hapo kwa kawaida huishia kutembea ndani ya nyumba. Sekunde 12.5 ni mita 0.8, na hapo naanza kumpeleka barabarani. Viatu na fimbo ni vile vile kila kipimo, la sivyo namba hazilinganishiki.