Namba ya siri ilishatumika

Mtoto wa dada yangu alipewa mdoli wa mbwa na jirani ambaye wanawe wameshakua, mdoli mzima kabisa, manyoya bado laini na ile kadi ndogo yenye namba ya siri ya kumfungua mbwa huyo mtandaoni bado inaning'inia shingoni. Tukakaa na simu, yeye ananisomea namba ya siri herufi moja moja huku anafuata kwa kidole asikosee, mimi nabonyeza. Ikagoma. Tukarudia, ikaja meseji kwamba namba ilishatumika. Akaniuliza, "Mama mdogo, sasa huyu mbwa ni wa nani?" Swali hilo limenikaa mpaka leo, maana mbwa yuko mikononi mwake jamani!

Mtindo huu ulivuma na Webkinz, midoli ya wanyama, mwaka 2005, unanunua mdoli, unaingiza namba, unampata mnyama huyohuyo mtandaoni, na namba ni ya mara moja tu. Mwanzoni hata akaunti ilikuwa ya mwaka mmoja, ukitaka iendelee unasajili mdoli mwingine. Yaani mtoto anafuga mnyama wa mkopo.

Skylanders, midoli ya gemu, walipokuja 2011 mambo yalikuwa tofauti na mimi nawapenda kwa hilo: chipu iko ndani ya mdoli mwenyewe, pale chini anaposimamia, ukimweka juu ya kile kisahani chenye taa anatokea kwenye gemu, na levo na dhahabu alizokusanya zinaandikwa humo humo kwenye chipu. Ukimbeba kwenda kwa rafiki mwenye mashine ya gemu ya aina nyingine bado anaingia na nguvu zake zote. Hapo naelewa ukisema mdoli ni wako.

Sasa hivi kuna Pudgy Penguins, pengwini waliotokana na zile NFT 8,888 za mwaka 2021 (picha za mtandaoni zinazouzwa kwa hati ya umiliki), midoli yao ikaanza kuuzwa 2023, Amazon kwanza halafu Walmart, unaskani QR unafunguliwa vitu vya kumvalisha pengwini wako mtandaoni. Wanasema kitu kikiwa kwenye blokucheni, lile daftari la umiliki la mtandaoni, ni mali yako na hakuna wa kukunyang'anya, na ni kweli rekodi inabaki, ila ile dunia ambamo pengwini anavaa hiyo kofia inaendeshwa na kampuni, siku wakizima seva kofia utaivalia wapi? Club Penguin, mchezo wa watoto wa mtandaoni, ilikuwa na midoli yenye namba za kupata sarafu za mchezoni, ikafungwa Machi 2017, mamilioni ya watoto walicheza pale. Mdoli wa kitambaa yeye hazimwi.

Niliwaandikia kampuni ya huyo mbwa wetu, nikawaeleza kwamba ni zawadi, nikawaomba namba mpya hata kwa kulipia. Wakajibu haiwezekani, ninunue mdoli mwingine. Kweli? Basi iandikeni kwenye boksi kwa herufi kubwa kwamba mtoto wa pili hahesabiki, mzazi ajue mapema.

Kadi ameikata mwenyewe kwa mkasi, mbwa analala naye.